Kodi miezi sita mbele, malipo miezi minne nyuma

Mimi nashika maiki. Yule jamaa anayesimama pembeni ya kamera kainua lile fimbo refu juu ya vichwa vya waigizaji kutwa nzima mpaka mabega yanakufa ganzi, ndo mimi, mwaka wa tisa huu kwenye tamthilia na bongo movie hapa Dar. Nimechoka kuambiwa "nyie watu wa filamu mna hela".

Jamani, shida sio hela kuwa ndogo tu, shida hujui inaingia lini. Mwenye nyumba wangu Sinza anataka kodi ya miezi sita, keshi, kabla hujalala. Prodyuza yeye ananilipa akishalipwa na chaneli, na chaneli inalipa ikishapokea episodi na kuzikagua, kwahiyo kazi niliyoshuti mwezi wa pili hela yake nimeiona mwezi wa sita. Hapo katikati mtoto anadaiwa ada, luku imekata, unakimbilia mikopo ya kausha damu, malipo yakija yanaishia kwenye riba. Na mkataba wenyewe ni meseji ya WhatsApp, "kesho saa 11 alfajiri Kigamboni, usichelewe".

Enzi za DVD kaka zetu walikuwa wanamuuzia msambazaji wa Kariakoo muvi nzima na haki zake zote, wanagawana kilichopo, basi, ikiuza miaka kumi hupati hata mia. Leo tuko kwenye ving'amuzi na YouTube ila hilo halijabadilika, tamthilia niliyofanya inarudiwa kila siku mchana, mama ananipigia simu kwa furaha kaona jina langu mwishoni, siwezi kumwambia kwamba hainiingizii kitu.

Hollywood mwaka 2023 waandishi waligoma siku 148 na waigizaji siku 118, na moja ya waliyoyapigania ni hilohilo, malipo kazi inapoendelea kuoneshwa mtandaoni. Waliweza kwasababu wana vyama vinavyosaini mikataba kwa niaba yao. Huku ukigoma wewe kesho anaitwa mwingine kwa nusu ya bei, na namwelewa, na yeye ana kodi.

Mwaka jana mtu wetu wa taa alianguka kwenye ngazi lokesheni, mguu ukavunjika. Bima hana, tukachangishana kwenye grupu elfu tano tano, na wengi wetu tulikuwa bado tunaidai kazi ileile. Juzi kanipigia, bado anachechemea. Anauliza kama kuna kazi.