Namba ya Barabara Kuu Huamuliwaje?

Kabla ya kuipa barabara kuu namba, wapangaji hulazimika kuamua kwanza nchi yao inatazamwa kutoka wapi. Uingereza iliamua kujitazama kutoka London. Katika mfumo uliowekwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, barabara kuu A1 hadi A6 zilitoka London kuelekea pande mbalimbali, zikipangwa kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, huku A7, A8 na A9 zikianzia Edinburgh, na kila kipande cha nchi kilicho kati ya barabara mbili hizo kikawa kanda yenye tarakimu yake. Ndiyo maana A30 na A303 zote zinaanza na 3: zinaanzia katika kanda iliyo kati ya A3 na A4. Ufaransa ilikuwa imetangulia kufanya jambo linalofanana na hilo mwaka 1811, pale Napoleon alipoamuru barabara za dola yake zipewe namba kwa kuanzia Paris.

Marekani haikuwa na mji mmoja wa kuutegemea namna hiyo. Barabara zake za masafa marefu zilikuwa na majina, kama vile Lincoln Highway, ambayo mara nyingi yalitolewa na vyama binafsi, na njia moja iliweza kubeba majina kadhaa. Mfumo wa namba ulioidhinishwa Novemba 1926 uliigawa nchi kama karatasi ya miraba: barabara za kaskazini hadi kusini zikapewa namba witiri zinazoongezeka kuelekea magharibi, na za mashariki hadi magharibi zikapewa namba shufwa zinazoongezeka kuelekea kusini. Njia kuu za kuvuka nchi kutoka mashariki hadi magharibi zilitengewa namba zinazoishia na sifuri, na hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Barabara ya Chicago hadi Los Angeles ilikuwa imepangiwa 60, ingawa ilikwenda kwa mshazari na haikustahili sana heshima hiyo, kwa maoni yangu. Gavana wa Kentucky, William Fields, alilalamika kwamba jimbo lake halikupata hata barabara moja yenye sifuri. Baada ya mvutano wa miezi kadhaa, Kentucky ilipewa 60, na Cyrus Avery wa Oklahoma, aliyekuwa akiipigania njia ya Chicago, akaikataa 62 na kuchagua 66 iliyokuwa bado haina mwenyewe. Namba inayojulikana kuliko zote duniani ilipatikana kwa sababu hakuna aliyekuwa ameitaka.

Barabara za Interstate, yaani barabara za mwendo kasi za Marekani zenye herufi I, zilipokuja, namba zake zilizopitishwa mwaka 1957 zilipangwa kinyume kabisa, ndogo zikianzia magharibi na kusini, ili I-10 iwe mbali na US 10 ya mfumo wa 1926. Katikati ya nchi mifumo hiyo miwili ilikaribiana mno, na hivyo I-50 na I-60 hazikuwekwa kamwe. Ninachokipenda zaidi ni matawi yenye tarakimu tatu: mbili za mwisho hutaja barabara mama, na ya kwanza ikiwa shufwa, kwa kawaida tawi hilo huzunguka mji au kurudi kwenye barabara kuu, lakini ikiwa witiri huishia ndani ya mji. Dereva anayeona I-495 anajua, bila ramani, kwamba I-95 haiko mbali. Kanuni hiyo nayo ina kichekesho chake, kwani California ina I-238 ilhali I-38 haipo popote.

Ulaya ilichukua miraba kama hiyo katika mkataba wa Geneva wa mwaka 1975, witiri zikiongezeka kuelekea mashariki na shufwa kuelekea kusini. Hata hivyo, Sweden na Norway zilibaki na E4 na E6 za zamani, ingawa zote mbili ni shufwa na zinakwenda kaskazini hadi kusini, kwa kuwa kubadilisha vibao vyote kungegharimu fedha nyingi. Sababu hiyo naielewa. Nisichoweza kukitetea ni I-99 ya Pennsylvania, iliyo magharibi ya I-81 wakati ilipaswa kuwa karibu na Bahari ya Atlantiki, kwa sababu namba yake haikutolewa na wahandisi: mbunge Bud Shuster aliiandika ndani ya sheria mwaka 1995.