Mjukuu Aliyeitwa Raila

Kwetu Machame mtoto wa kwanza wa kike hatafutiwi jina. Analikuta: ni la bibi mzaa baba. Wa kwanza wa kiume anachukua la babu. Kwa hiyo mdogo wangu alipopata binti, mwaka 2017, mama yetu Aikaeli alianza kumwita "somo yangu" hata kabla hajamtia machoni.

Wifi alikuwa na mipango yake.

Walipanda kutoka Dar kwa ajili ya Krismasi, kama Wachaga wote wenye kazi mjini, na ubatizo ulipangwa Jumapili inayofuata sikukuu. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi. Gari lilipoingia, mama alikuwa nyuma ya nyumba anamenya ndizi za machalari, vidole vimeshakuwa vyeusi kwa utomvu. Akajifuta kwenye khanga, akampokea mtoto, akalichunguza paji la uso na kutangaza kwamba ni la ukoo, halina ubishi. Kisha akauliza, kwa kutimiza tu desturi ya kuuliza, "Haya, na jina?"

"Raili, mama," wifi akajibu.

"Raila?"

"Raili."

"Si ndiyo nasema, Raila."

Mtu inabidi aukumbuke mwaka wenyewe. Uchaguzi wa Kenya wa Agosti ulikuwa umefutwa na mahakama, ukarudiwa Oktoba, na redio ya baba ilikuwa kama haijui jina jingine. Baba akatoka sebuleni miwani ikiwa juu ya kipara. "Mtoto wa kike mmempa jina la Odinga? Kwani ana undugu gani na sisi?"

Mdogo wangu akaanza kufafanua. Ni jina la kisasa, mama yake kaliona Instagram, Wamarekani wanalipenda sana, ila huku kwetu halina mtu. Akaliandika kwa kidole kwenye vumbi la boneti: Rhyleigh. Baba akashusha miwani, akasogea, akalisoma kama mtoto wa darasa la kwanza. "Rihi... rihi-le-igi." Akanyamaza kidogo. "Hili ni jina au namba ya gari?"

Tulicheka wote isipokuwa mama. Yeye alimrudisha mtoto kwa mama yake taratibu, akarudi kwenye ndizi zake, na kisu kikaanza kwenda kasi. Waliolelewa na mama wa Kichaga wanajua kwamba kisu kile ndicho kilichokuwa kinaongea.

Usiku wifi alinifuata jikoni. "Wifi, mimi nimekua naitwa Happiness. Darasani tulikuwa Happiness watatu, mwalimu akiita tunageuka wote, na akichapa anachapa yeyote. Mwanangu nataka akiitwa ageuke peke yake."

Sikuwa na la kumjibu haraka, maana anayeambiwa hayo anaitwa Loveness. Na kusema kweli, kelele za "majina ya kigeni" hazijawahi kunigusa. Baba anaitwa Elisante. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na baada ya muda sharika zikajaa akina Elisante, Elirehema, Elibariki na Elifuraha, majina ya kuunganisha, Eli ya kwenye Biblia na Kiswahili cha kanisani. Babu wa babu yake baba angeyasikia, naye angeuliza kama ni majina au ni nini. Kikaja kizazi chetu, tukawa Loveness, Gladness, Witness. Kila rika lina wazimu wake.

Shida yangu ilikuwa herufi. Mimi cheti cha kuzaliwa kina "s" mbili, cha kidato cha nne kina moja, na benki fulani iliwahi kuniandika Lavnes. Nimekaa kwenye benchi la wakili nikisubiri hati ya kiapo kwamba wote hao ni mimi. Na hilo ni jina linaloandikwa karibu kama linavyotamkwa! Nikamweleza wifi yote hayo, na hela niliyomlipa wakili nikamtajia.

"Watazoea," akasema.

Alhamisi tukaenda ofisi ya usharika kujaza fomu. Karani, mzee mpole, aliandika kwanza kwa penseli. Akasimama kwenye herufi ya pili. "Hii 'h' inafanya kazi gani hapa?"

"Ipo tu, mzee," wifi akasema.

"Na hii ya mwisho?"

"Nayo ipo."

Akaandika, ingawa kwa kusitasita. "Jina la pili?" Nilimtazama mdogo wangu. Mdogo wangu alitazama viatu vyake. Wifi ndiye aliyejibu, haraka, kama mtu anayelipa deni kabla hajadaiwa: "Aikaeli."

Jumapili mchungaji alimaliza Brian na Gloria bila matatizo. Ilipofika zamu yetu akaisogeza karatasi mbali, akaivuta karibu, mwisho akainama kwa wifi. Wifi akamnong'oneza. Akarudia kwa sauti, maji mkononi: "Raili Aikaeli, ninakubatiza..." Kwenye benchi la wazee mmoja akauliza, tena kwa sauti ya asiyesikia vizuri, "Amesema Raila?" Benchi zima likatikisika. Mama alikuwa ametazama mbele tu, lakini lilipotajwa lile la pili nilimsikia akiitika, "Ee," kama aliyeitwa yeye.

Nyumbani anamwita Aika. Baba alimwita Odinga mpaka mtoto akawa anaitika.

Baadaye wifi akapata wa kiume. Hakukuwa na kikao wala kisu. Yeye mwenyewe alipiga simu kutoka hospitali kumwambia baba kwamba amepata somo, Elisante kazaliwa, na baba akaenda kuchinja mbuzi siku ileile. Mwaka jana nilikwenda kumchukua mtoto chekechea, nikalitafuta begi lake kati ya mengine. Lilikuwa limeandikwa kwa wino mzito: Elly.