Nilivyoitoa Kitonga kichwani

Nianze na wale walioniambia baada ya ajali ya lori, "sahau tu, wewe mwanaume." Jamani, ningekuwa na uwezo wa kusahau ningeanza mimi kabla hamjafungua midomo. Ushauri huo umenila miaka miwili.

Nilikuwa utingo wa lori la mbao, Mafinga–Dar. Juni 2019, alfajiri, tunashuka Kitonga, ule mlima wa kona kali kule Iringa, breki zikagoma. Dereva wangu, niliyezoea kumwita Braza, alibaki palepale. Mimi nilitoka na mkono uliovunjika na kovu juu ya jicho. Mkono ukaunga, watu wakasema Mungu mkubwa, nikaitikia amina, nikarudi zangu Keko.

Anayeijua Keko ameshaanza kucheka. Keko ni mafundi samani mwanzo mwisho, na paini mbichi ikipita kwenye mashine inatoa harufu ileile ya mzigo tuliokuwa nao siku ile. Wakati huo sikujua kwamba tatizo ni harufu. Nilichojua ni kwamba nikitoka kufuata mkate, moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa, na ghafla sipo Keko tena, nipo konani nasikia kamba za mzigo zinalia. Nikaanza kuzunguka. Duka la hatua sitini nikawa nalifikia kwa dakika ishirini, napitia nyuma ya msikiti kama mdaiwa. Usiku naota nakanyaga breki, mimi ambaye hata leseni sina. Mke wangu alivumilia teke la kwanza. La pili akahamia kwenye mkeka.

Nilijaribu bia, zikanipa usingizi wa saa mbili na ugomvi wa saa nne. Nilinunua valiumu za duka la dawa. Nilikwenda kwa mganga, akaona jini la barabarani, akataka kuku mweupe na laki na ushee. Kuku alibaki naye, jini nikarudi nalo.

Lakini kituko kikubwa ni cha Vigwaza. Rafiki yangu dereva wa semi alinishauri kwa moyo safi kabisa: "Mwanangu, ukidondoka baiskeli unapanda hapohapo. Twende Morogoro na simenti, ukirudi umepona." Nikaona hoja. Nikapanda nimevaa kandambili, nimejikaza, hadi Mlandizi naimba. Pale mizani ya Vigwaza tukakuta foleni ndefu. Lori la mbele likatoa ile pumzi ya breki za upepo, pshhh, na nyuma yake kikaja kiharufu cha lainingi zilizoungua. Sikumbuki kufungua mlango. Nakumbuka niko porini, kandambili moja, miiba mguuni, nakimbia kama swala. Nyuma rafiki yangu anaita jina langu kwa honi na kwa mdomo. Mlinzi mmoja alipoona utingo anakimbia mizani, akaamini tumezidisha uzito kupita kiasi, akaja kulizunguka gari mara tatu akichungulia chini. Wakapima, uzito sawasawa! Mimi nilirudi Dar nimesimama kwenye basi, mguu mmoja peku, na kwa miezi mitatu baada ya hapo sikupanda hata daladala. Kabla ya Vigwaza nilikuwa naogopa malori tu. Dawa ya baiskeli ikaniongezea ugonjwa.

Aliyeniokoa ni shemeji yangu, nesi. Alinisikiliza mara moja tu, akasema hili lina jina na kuna watu wanalitibu. Nikagoma, maana kwetu ukitaja daktari wa akili mtu anasikia Mirembe, hospitali ya vichaa kule Dodoma. Alinipeleka kwa kunidanganya kwamba tunakwenda kupima presha.

Mwanasaikolojia mwenyewe alikuwa dada mdogo kuliko mimi. Nilimwita dokta, akaniambia yeye si daktari, nikaendelea kumwita dokta. Akauliza maswali kama alikuwa amelala uvunguni kwetu: Je, tukio linajirudia bila kuitwa? Kuna mahali unapakwepa? Unashtuka kwa vitu vidogo? Unajilaumu? Yote ndiyo. Akasema mwezi wa kwanza baada ya ajali mtu yeyote anaweza kuota na kushtuka, na kwa wengi hali hiyo huisha bila hospitali. Ikipita mwezi na bado inakukwamisha kazi na ndoa, ndipo wanaiita PTSD, yaani msongo unaobaki baada ya kiwewe. Jina hilo liliingia kwenye kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya wanajeshi kurudi na shida hiyo kutoka Vietnam. Nikamwambia mimi nimerudi kutoka Mafinga. Akacheka, nami nikashangaa kusikia nimecheka.

Nilitaka vidonge, si maneno. Daktari wa pale alinipa sertralini, dawa ya sonona inayotumika pia kwa kiwewe, akasema inachukua wiki kadhaa kufanya kazi, na zile valiumu nisiziite matibabu. Zinanizimisha tu na zinazoeleka. Wiki ya kwanza tumbo lilinivuruga, nisiwafiche. Usingizi ulikuja baadaye.

Kikao cha pili dada akatoa kamba, mawe na maua, akavipanga sakafuni. Nikajisemea, basi, nimerudi kwa mganga, huyu kakosa kuku tu. Kumbe kamba ni maisha yako tangu kuzaliwa: jema weka ua, baya weka jiwe. Nikaweka ndoa yangu, mtoto, siku niliyopata kazi. Kitonga nikaiwekea kijiwe kama punje ya hindi. Akakitazama, akauliza, "Kaka, mbona kidogo hivi?" Sikuwa na jibu. Nililia pale kwenye kiti cha plastiki kwa dakika nyingi tu, na hakuniambia ninyamaze.

Njia hiyo, alinieleza, waliwahi kuijaribu kwa wakimbizi wa Sudan kambi ya Imvepi kule Uganda, matokeo yakachapishwa 2004. Unasimulia tukio polepole, kipande kwa kipande, naye anaandika. Kikao kinachofuata anakusomea, unarekebisha. Tulishuka Kitonga ile nadhani mara sita. Anakusimamisha: mlango ulikuwa wa baridi au moto? Mkono ulikuwa wapi? Miaka yote nilijilaumu kwamba utingo kamili angeruka na kuweka gogo kwenye tairi. Siku moja, katikati ya kusimulia, nikasikia sauti ya Braza. Alisema, "Ruka!" Nilikuwa nimeisahau kabisa. Na nikaona miti inavyopita dirishani. Kwa mwendo ule gogo lingefanya nini? Mimi ninayefunga mizigo nilimwelewa dada vizuri aliposema kumbukumbu ya namna hii haijapangwa: ni kama mbao zilizorushwa juu bila kamba, kila kona moja inadondoka. Tulichofanya ni kuzishusha zote na kuzipanga upya.

Sasa ujanja wangu, huu naudai wangu ingawa dada alininyooshea. Niliokota maranda ya paini kwa fundi jirani, nikayajaza kwenye kopo la Blue Band, nikafunika. Kila jioni nafungua, nanusa, najipa alama ya hofu kutoka sifuri mpaka kumi. Siku ya kwanza tisa, nikafunika mbio. Dada akanikemea: ukifunika hofu ikiwa juu, mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Akanikumbusha Vigwaza! Kaa nalo mpaka ishuke yenyewe, hata kama ni nusu saa. Nikakaa. Tisa ikawa saba, saba ikawa nne. Mwanangu akaenda kutangaza uani kwamba baba anavuta gundi, na mama mwenye nyumba akaja na wajumbe wawili. Nikawanusisha na wao. Mjumbe mmoja akasema inanukia vizuri, akaomba kidogo ya kuku zake.

Kutoka kwenye kopo nikahamia nje ya karakana, kisha ndani, kisha daladala, kiti cha karibu na dereva. Fedha zote sikuziandika. Nauli ndiyo iliniumiza kuliko vikao, na jumla haikufika hata nusu ya nilizotapanya kabla. Siku za mvua kubwa bado nalala vibaya, na utingo sijarudia. Napanga mbao hapahapa Keko.

Mwaka jana tulikwenda Mafinga na mke wangu kumsalimia mama yake Braza. Wakati wa kurudi niliomba kiti cha dirishani. Juu ya Kitonga nilikuwa nane, nikamwambia mke wangu kwa vidole, akanishika goti. Kwenye kona yenyewe nilitazama. Majani yameota, huwezi kujua. Tulipofika Ruaha Mbuyuni nilikuwa tatu, njaa inaniuma, nikanunua debe zima la vitunguu kupitia dirishani.

"Tunavyo nyumbani," mke wangu akasema.