Ninavyosoma asilimia ya wanunuzi kabla ya kuongeza pesa ya matangazo

Hesabu yenyewe ni nyepesi: oda gawanya kwa wageni, zidisha kwa 100. Oda 8 kwa wageni 400 ni asilimia 2. Ugumu ni kukubaliana oda ni nini na mgeni ni nani.

Kwenye duka letu la viatu la mtandaoni hapa Kampala, oda siihesabu mpaka boda arudi na pesa au ujumbe wa malipo ya simu uingie. Aliyebonyeza "nunua" bado hajanunua. Mteja akichelewa kuweka PIN, ombi la malipo linakufa, anaanza upya, na programu inaandika oda mbili. Kwa hiyo kila oda ina namba yake, na zinazojirudia nazifuta. Simu za wafanyakazi naziondoa pia.

Upande wa wageni kuna tatizo la kwetu. Tangu Facebook ifungwe Uganda Januari 2021, wengi huingia kwa VPN, programu inayoficha nchi aliyopo mtu, na takwimu huwaonyesha wako Uholanzi au Marekani. Ukichuja kubakiza Uganda tu, unawatupa wao huku oda zao zimebaki kwenye daftari, na asilimia inapanda bure. Mimi sichuji kwa nchi. Kila tangazo nalipatia kiungo chenye alama yake, na kwa WhatsApp ujumbe unaojiandika mteja akibonyeza una neno la tangazo hilo.

Sasa penye hatari zaidi. Tuseme mwezi huu WhatsApp imeleta wageni 200 na oda 10, matangazo ya kulipia wageni 200 na oda 2. Jumla ni oda 12 kwa wageni 400, asilimia 3. Mwezi ujao unaongeza matangazo: wageni 800, oda 8, na WhatsApp iko palepale. Jumla ni oda 18 kwa wageni 1,000, yaani asilimia 1.8. Bosi akiona hivyo atataka matangazo yazimwe, ilhali hakuna njia ya kuleta wageni hata moja iliyoharibika: WhatsApp bado ni asilimia 5, matangazo bado 1. Ni mchanganyiko tu umebadilika. Ndiyo maana asilimia ya duka zima siipeleki kwenye kikao. Kila njia inasomwa peke yake.

Halafu naigeuza kuwa shilingi. Oda moja ikiacha 20,000 kabla ya gharama ya tangazo, na tangazo linageuza asilimia 1 ya wageni, mgeni mmoja ana thamani ya shilingi 200. Hiyo ndiyo bei ya juu kabisa ya kumleta. Kwa 150, wale 600 wa ziada wanagharimu 90,000, oda zao 6 zinaleta 120,000, zinabaki 30,000. Kwa 250 ni hasara, hata kama oda zinaongezeka.

Namba ndogo nazo hudanganya. Oda 8 kwa wageni 400 inaweza kutoka kwenye kiwango halisi cha karibu asilimia 1 au hata karibu 4. Picha moja ya tangazo ikileta oda 8 na nyingine 11, sitangazi mshindi. Kutofautisha asilimia 2 na 3 kwa uhakika wa kuridhisha kunataka karibu wageni 3,800 kwa kila picha. Sisi duka dogo hatuwafikishi, basi nalinganisha vitu vinavyotofautiana sana, kama kuonyesha bei au kuificha, si rangi ya kitufe.

Mwisho ni subira. Anayebonyeza tarehe 15 mara nyingi hununua mshahara ukiingia, kwa hiyo oda naiandika kwenye siku aliyobonyeza, na wiki hiyo siisomi mpaka mwezi ugeuke.