Ayubu chini ya hema la sarakasi

Mwaka juzi, katika msiba wa mtoto wa jirani yetu aliyefariki akiwa na miaka sita, nilikaa mkekani karibu na mama yake kwa muda wa kutosha kuhesabu ni mara ngapi aliambiwa kwamba Mungu amempenda zaidi mwanawe. Nilifika kumi na moja nikaacha. Mama yule aliitikia kwa adabu kila mara, lakini kila sentensi ile ilipoanza nilimwona akiukunja upindo wa khanga yake, kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano.

Nilimkumbuka hivi karibuni niliposoma J.B., tamthilia ya kishairi ya Mmarekani Archibald MacLeish, iliyoanza kuchezwa Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York, mnamo Desemba 1958 chini ya uongozaji wa Elia Kazan na kupata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1959. Kisa ni kile cha Ayubu tunachokijua sote, waliomsoma kwenye Biblia na waliosikia utenzi wake ukighaniwa, ila hapa kimehamishiwa Marekani ya karne ya 20. Ndani ya hema la sarakasi, usiku, waigizaji wawili wazee ambao nyota zao zimezimika, mmoja akiuza maputo na mwingine akiuza bisi, wanaamua kuigiza nafasi ya Mungu na ya Shetani. Wanaokota vinyago. Kinyago cha Mungu kimefumba macho. Cha Shetani kimeyafumbua, na uso wake umekunjamana kwa uchungu wa yale unayoyaona. Sikumbuki kusoma maelezo ya jukwaani yaliyonitisha zaidi ya hayo.

J.B., ndiye Ayubu wa tamthilia hii, ni mwenye benki, ana mke aitwaye Sarah na watoto watano, na tunawakuta mezani siku ya Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, mbele ya bata mzinga. Kisha wajumbe wanaanza kuingia. David, mwana mkubwa, amekufa jeshini wakati vita vimekwisha. Mary na Jonathan wamekufa katika ajali ya gari, na mwandishi wa habari anayeleta taarifa hiyo amepanga mama apigwe picha wakati uleule anaposikia. Rebecca, kitinda mimba, ameuawa na mtu aliyemchukua njiani, na polisi wanachokuja nacho ni mwavuli wake mdogo mwekundu. Ruth anafia katika mlipuko unaoiteketeza na benki. Mwavuli ule ulinifanya nikifunge kitabu hadi kesho yake.

Hata hivyo, kiini cha tamthilia hii, kwa maoni yangu, hakimo katika vifo bali katika maneno yanayovifuata. J.B. anataka awe na hatia, tena anaililia, kwa sababu asipokuwa na kosa basi Mungu wake hana haki, na hilo hawezi kulibeba. Sarah anakataa katakata. Watoto wamekufa nao hawakuwa na kosa, anasema, naye hatakubali vifo vyao vitolewe sadaka ili dhuluma ipate kuitwa haki. Ndipo anapomwacha mumewe. Sisi tuliolelewa na masimulizi ya pwani tumemzoea mke wa Nabii Ayubu anayekata nywele zake na kuziuza ili mumewe apate chakula, hivyo mwanzoni nilimwona Sarah kuwa mwepesi wa kukata tamaa. Niliposoma mara ya pili niliona kwamba ndiye peke yake anayewatetea marehemu.

Kisha wanakuja wafariji watatu. Wa kwanza anaamini kwamba historia haina nafasi ya kuhesabu machozi ya mtu mmoja. Wa pili, daktari wa nafsi, anasema hatia ni ugonjwa wa akili tu. Wa tatu, mtu wa dini, anasema kosa la J.B. ni kuzaliwa binadamu. J.B. anamjibu huyu wa mwisho kwamba faraja yake ndiyo katili kuliko zote, maana inamfanya Muumba kuwa ndiye aliyeumba kosa analoliadhibu. Mimi ni muumini, na jibu hilo sikuliona kuwa kufuru.

(Pat Hingle, aliyemwigiza J.B. pale Broadway, alianguka kwenye shimo la lifti mwaka 1959, akavunjika vibaya na kupoteza kidole. Natumaini hakutokea mtu wa kumweleza sababu.)

Mwisho wa tamthilia haukuniridhisha sana. Sarah anarudi na kijiti chenye maua alichokiokota kwenye majivu, na MacLeish anaonekana kutwambia kwamba haki haipo, upendo upo. Naona amemwondoa Mungu mlangoni mapema mno, kabla hajamaliza kumhoji. Lakini katika kitabu kuna kitendo kimoja baada ya maneno hayo yote: mume na mke wanaanza kuinua viti vilivyoanguka gizani, kimoja kimoja, na kuvipanga upya.

Siku tuliyoanua matanga kwa jirani, vijana walikuja na mkokoteni kuchukua viti vya kukodi. Mama wa marehemu alitoka ndani, hakusema na mtu, akaanza kuvibebanisha mwenyewe, vinne vinne. Nilivua viatu vyangu vya mchuchumio nikaenda kushika upande wa pili.