Dar mpaka Iringa na watoto watatu, kila mmoja na kipande chake cha barabara

Mara ya kwanza tulivyoenda Iringa na watoto tulitoka Dar saa 11 alfajiri tukaingia jioni, njiani tulisimama mara mbili tu, kujaza mafuta na kula chipsi. Usiku nikamuuliza binti yangu mkubwa, umeona nini njiani mama? Akasema malori. Kilomita kama 500, mtoto wa darasa la nne, amepita mbuga, amepita milima ya Uluguru, amepanda mlima Kitonga, alichobeba kichwani ni malori. Iliniuma kweli, maana hela tulitumia na siku nzima iliisha, na wale watoto tuliwabeba tu kama mizigo.

Likizo ya mwezi wa sita iliyofuata tukarudia safari ile ile, njia ile ile, ila nilibadilisha kitu kimoja na ndo nataka niwaambie wazazi wenzangu. Wiki moja kabla nilitandika ramani mezani nikaikata barabara vipande vitatu, kila mtoto akapewa chake, yeye ndo mwenyeji pale. Tukifika kwenye kipande chake yeye ndo anatukaribisha na kutuambia kilichopo, na yeye ndo anaamua tunasimama wapi. Mkubwa (sasa ana miaka 11) akachukua Iringa na habari za Mkwawa, yule mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, wa kati mwenye miaka 8 akachukua Mikumi, kitinda mimba wa miaka 4 nikampa mibuyu ya Ruaha Mbuyuni kwasababu mti hata mtoto mdogo anaweza kuubeba kichwani.

Jioni zote za wiki ile nyumbani ilikua ni maswali tu. Hata mafuta mkubwa ndo alipiga hesabu, gari letu linakula lita 1 kwa kilomita 12 hivi, kilomita 500 gawanya kwa 12, akapata karibu lita 42, alafu akazidisha na bei ya lita. Hesabu za kugawanya alikua anazichukia shuleni ila hii aliirudia mara mbili bila kuambiwa kwasababu ilikua ya kweli.

Tukagawa na safari yenyewe, tukalala Mikumi mjini usiku mmoja. Dar mpaka pale ni karibu kilomita 300, kesho yake inabaki kama 200 kufika Iringa. Kama una watoto chini ya miaka 10 naomba usiwapeleke zote 500 kwa siku moja, hawawezi kujifunza kitu wakiwa wamechoka na matako yanauma. Kwenye gari nilibeba mayai ya kuchemsha, chapati, ndizi, maji mengi, na tangawizi kwa ajili ya wa kati anayetapika kwenye kona, pamoja na ndoo ndogo yenye mfuniko, maana mifuko ya plastiki si ilishapigwa marufuku tangu 2019 na bahasha za karatasi hazihimili hiyo kazi. Masweta weka juu, usiyafukie chini ya buti. Iringa mwezi wa sita ni baridi haswa, mtoto wa Dar anashuka na kaptula anatetemeka.

Kutoka Kibaha mpaka Morogoro nilikua naona hakuna kitu, kumbe hapo ndo malori yalipopata maana. Kwenye barabara ile kuna magari ya Zambia, ya Kongo, ya Malawi, ya Rwanda, na yale madogo yaliyobandikwa IT yanayotoka bandarini kwenda nchi za watu. Kila mtoto akachagua nchi, anahesabu namba za magari ya nchi yake. Tulivyofika Msamvu, pale Morogoro, wa kati akashangaa mbona wengine wanakata kulia, baba yao akamwelezea ile ni njia ya Dodoma, wa Rwanda na Burundi wanaelekea huko, wa Zambia na Malawi tunaendelea nao. Yani mtoto alielewa kwanini bandari ya Dar inalisha nchi ambazo hazina bahari akiwa amekaa siti ya nyuma anakula yai.

Huyo huyo wa kati nilimpa na kazi ya vibao vya 50. Mnaijua hii barabara, vijiji vimefuatana na trafiki wenye tochi za kupima mwendo wapo, sasa kila kibao cha 50 kikitokea unasikia nyuma, "Baba, hamsini!" Baba yao aliitika kila mara, "Nimekiona mwanangu," na akapunguza kweli. Hatukuandikiwa faini hata moja, na mtoto sasa akipanda gari lolote anaangalia vibao.

Mikumi barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi kama kilomita 50 na kupita tu hulipii, kwa hiyo hata kama bajeti ni ndogo watoto wataona swala, pundamilia, twiga, nyani pembeni ya lami, na tembo ukibahatika. Mwenyeji wetu alitutangazia hapa ni mwendo wa taratibu, hakuna kurusha ganda la ndizi, hakuna kumlisha nyani, na akatuonyesha lile bango lenye orodha ya faini ukimgonga mnyama, kila mnyama na bei yake. Hapo wakaanza kubishana kwanini tembo ni ghali kuliko swala, mpaka mkubwa akasema tembo anabeba mimba karibu miaka miwili, ukiua mmoja kumpata mwingine ni kazi. Sikumfundisha mimi. Asubuhi yake tukalipia tukaingia ndani, bei ya Mtanzania inabebeka na wa chini ya miaka 5 hakulipa. Usitegemee hela taslimu getini, utapewa namba ya malipo ulipe kwa simu au kadi. Nenda bwawa la viboko, halipo mbali na geti, na kaeni pale hata nusu saa bila kuongea. Watoto wangu hawajawahi kunyamaza nusu saa ila pale walinyamaza.

Sasa mibuyu. Kitinda mimba alikua na mambo mawili ya kutuambia, kwamba mbuyu unaweka maji kwenye shina lake na kwamba ule ubuyu mwekundu anaonunuliwa dukani unatoka kwenye huu mti na wekundu wameutia watu. Alikariri wiki nzima. Tukaingia bonde la mibuyu saa saba mchana, joto, yeye amelala fofofo mdomo wazi. Tukamwita akalia, tukaendelea. Alivyoamka tuko Kitonga na kaka yake anatapika kwenye ndoo, akauliza mibuyu yangu iko wapi, akalia zaidi. Niliumia maana nilimwahidi.

Kitonga yenyewe usiipite kimya kimya, masikio yakiziba waambie wameze mate alafu waulize kwanini yameziba, ndo somo la hewa na urefu kutoka usawa wa bahari hilo, umefika juu wanaona wenyewe baridi imebadilika. Na kaeni nyuma ya lori kwa subira, pale hakuna pa kuovateki.

Kuanzia hapo tukawa mikononi mwa binti mkubwa. Kabla ya kufika mjini akatusimamisha Lugalo. Wenzake wanaijua Lugalo ya hospitali ya jeshi Dar, yeye akawaambia Lugalo yenyewe ni hapa, tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa waliwavizia Wajerumani wakawashinda, na kamanda wao Zelewski, waliyekua wanamwita Nyundo, akafia hapa. Ameshika daftari, upepo unampeperushia kurasa. Mimi shuleni nilikariri hiyo vita kwa ajili ya mtihani, sikujua kwamba naweza kusimama pale.

Kesho yake tukaenda Kalenga, kama kilomita 15 kutoka mjini, kwenye makumbusho yenye fuvu la Mkwawa. Hapa ongea na watoto mapema, usiwashtukize. Mkwawa alijipiga risasi mwaka 1898 ili asikamatwe, kichwa kikapelekwa Ujerumani, mpaka kwenye mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa baada ya vita kuu ya kwanza, kikaandikwa kirudishwe, na kilirudi 1954. Mdogo nilimwacha nje na baba yake. Wa kati akauliza kwanini mtu achukue kichwa cha mtu, nikamjibu walitaka watu wake waone ameshindwa kabisa. Akakaa kimya, akasema, lakini si kimerudi. Kwa umri wake niliona inatosha, hiyo habari ni nzito na ataikuta tena akikua.

Isimila ndo walipoipenda kuliko kote. Ni kama kilomita 20 kutoka mjini njia ya Mbeya, nendeni asubuhi na viatu vya kufunga kwasababu mnashuka kwenye korongo la mchanga mnatembea katikati ya minara ya udongo iliyochongwa na maji na upepo, mirefu kupita nyumba. Zana za mawe za watu wa kale zipo pale pale chini walipoziacha, zimechongwa kama machozi, mwongoza wageni anakuonyesha zilivyoshikwa. Mwambie mtoto mapema asitie hata jiwe moja mfukoni. Wataalam walianza kuchimba 1957 lakini aliyeziona mwanzo, mwaka 1951, alikua mwanafunzi wa shule ya Afrika Kusini aliyekua anapita safarini akasimama akaokota. Binti yangu aliposikia ni mwanafunzi alirudi chini kwenye korongo peke yake, akawa anatembea ameinama anaangalia ardhi. Tulimsubiri dakika arobaini na hakuna aliyelalamika.

Kurudi, tulipanga muda upya kwa ajili ya mtu mmoja. Tukaondoka Iringa asubuhi na mapema ili tufike Ruaha Mbuyuni akiwa macho, tukamweka dirishani. Mbuyu wa kwanza akanyamaza, wa pili akanyamaza, kwenye ule mkubwa karibu na wauza vitunguu akapiga kelele, "Simama baba! Karibuni kwangu!" Tukashuka wote. Akasema maneno yake mawili, la maji na la ubuyu, bila kukosea, alafu akataka tuuzungushie mikono tuupime. Sisi watano tulishikana hatukutosha, nafasi ikabaki, wauza vitunguu wawili wakaweka chini nyavu zao wakaja kuziba.