Mistari ya Saa ya Baba Mkubwa

Baba mkubwa alinikabidhi Seiko 5 yake akiwa amenuna. Saa ilitoka kwa fundi mmoja pale Tanga mjini, aliyetakiwa kupunguza mkanda tu, naye akaona aupige polishi ya mashine. Ulikuwa unang'aa hadi unajiona uso.

"Hii siyo niliyompelekea, mwanangu. Yangu ilikuwa na mistari."

Alisema kweli. Mkanda ule wa chuma cha pua ulikuwa na mistari myembamba juu, imelala kwa urefu wake. Mng'ao ulikuwa pembeni peke yake. Mistari hutawanya mwanga, na mikwaruzo midogo ya kila siku hujificha humo. Ukishaifuta, hata alama ya ukingo wa meza inaonekana. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani saa ikimetameta ndiyo imekuwa mpya.

Nikang'oa pini, nikatenga mkanda na saa yenyewe ili vumbi la chuma lisiingie kwenye mashine. Nikauosha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani, maana mchanga ukibaki kwenye maungio nao utachora mistari yake. Ulipokauka nikaulaza juu ya ubao ulionyooka, pembeni nikaziba kwa tepu ya wapaka rangi.

Shemeji yangu, seremala, alileta msasa namba 400. Huo niliutumia penye mikwaruzo mirefu tu. Kazi kubwa ilifanywa na ile sponji ya kijani ya kusugulia masufuria. Unaanzia kwenye kifungo, unavuta kwa mkono mmoja ulionyooka hadi mwisho, unainua, unarudi kuanza upya. Kwenda na kurudi hapana, na kuzungusha ndiyo usithubutu: mistari itapishana, na jicho litaona haraka sana. Shemeji alisimama nyuma yangu akihimiza, "Usikandamize, shemeji, acha sponji ifanye kazi." Taratibu ule mng'ao ukafifia, kijivu tulivu kikatokea. Nilifurahi mno.

Jioni baba mkubwa aliigeuzageuza kwenye mwanga wa mlangoni, kimya. Kisha akagusa kifungo: "Hapa mbona bado panang'aa?"

Nikamwonyesha maandishi ya Seiko yaliyochongwa pale. Fundi alikuwa ameshayala kidogo, na chuma kikilika hakirudi. Akaitikia kwa kichwa, akaivaa.